Ghala la Mtama Lililokataa Kujengwa

Mwanangu, kuna siku programu niliyoiandika kwa mikono yangu ilikataa mtama uliokwisha kufika mlangoni, na mvua inakuja.

Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika ofisi ndogo ya waandishi wa programu pale Ruti, Mbarara, Uganda. Ushirika wa wakulima wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale ulitaka programu ya ghala lao. Sikutaka kuandika ghala la maharage, kisha la mahindi, kisha la karanga. Nikaandika aina moja tu, Ghala, nikaacha nafasi tupu mahali pa zao. Zao jipya likija, programu ingesoma jina lake, ijichungulie yenyewe, ijenge ghala lake papo hapo. Kujichungulia huko waandishi wa programu tunakuita rifleksheni.

Siku hiyo Mama Esperansi, mkulima Mrundi, akaleta mtama, zao la kwanza ambalo sikuwa nimelitaja popote. Bila programu kukubali, gunia haliingii. Karani wa ghala akanipigia simu.

"Dada, mvua iko inakuja! Mashini yako inajua maharagi tu, sawa na mwanafunzi wa bweni!"

Nikajaribu mwenyewe pale ofisini. Jibu likawa lile lile: aina hii haijakamilika, haiwezi kujengwa. Mkubwa wangu, mzee Bahati wa Uvira, Kongo, akaja kutazama.

"Unajenga ghala ya nini?"

"Ya zao lolote, mzee."

"Mama ameleta mtama, ama ameleta 'lolote'? Ile ni ramani tu, binti. Hakuna mutu analalisha gunia mu ramani."

Nikaongeza aina ya Mtama, nikaiambia programu iitafute kwanza, iitie kwenye ile nafasi tupu, ipate aina kamili: Ghala la Mtama. Ndipo nikaiomba ijenge. Ikajenga. Magunia yakaingia huku matone ya kwanza yakigonga bati.

Mwanangu, ni vizuri kuandika kitu cha kuwafaa wote. Ila kabla ya kukijenga, jaza ile nafasi uliyoiacha kwa jina la kitu kilicholetwa. Mama Esperansi hakuhitaji ujanja wangu. Alihitaji pahali pakavu. Mungu akupe udadisi usiochoka, na watu wa kukuuliza maswali mepesi.

Jana mkulima mmoja alileta gunia la kunde na ulezi, vimechanganyika tangu shambani. Limekaa kwenye baraza ya ghala. Nafasi ya zao iko wazi, na bado sijajua niijaze nini.