Sungura Mwenye Kamba ya Buti

Nilipoolewa Koboko, kitu cha kwanza kilichopotea maishani mwangu ni neno hapana. Mume wangu alikuwa askari, na si askari wa kusimama getini. Alikuwa na Landrova na dereva, na katika miaka ile ya sabini, jeshi likitawala nchi, hiyo ilitosha. Nikienda dukani kuulizia sukari, wakati mji mzima unakunywa chai ya chumvi, mwenye duka hakusema imekwisha. Alisema, "Iko, mama, ngoja kidogo," kisha akaingia nyumbani kwake na kutoka na sukari ya watoto wake ndani ya kikombe. Fundi cherehani nilimpelekea kitambaa kifupi, akasema kinatosha, na gauni liliporudi nikakuta ameunga kipande chake kwa ndani. Basi nikawa naogopa kuulizia kitu chochote.

Mimi nilizaliwa Arua, kwa wazazi waliotoka upande wa Kongo kuuza vitenge na samaki wakavu. Kwetu watu walipiga kelele. Mteja alimtukana mama yangu kidogo juu ya bei, mama naye akamrudishia, wakacheka, biashara ikaenda. Hiyo ndiyo adabu niliyokulia. Koboko watu walinyamaza nilipofika, wakaanza tena kuzungumza nilipogeuza mgongo. Hakuna aliyenifungia mlango, na bado nilishinda mle ndani.

Mtu mmoja tu niliweza kugombana naye, naye ni mume wangu. Nilimwita mzee, ingawa hakuwa mzee. Nikimwambia hapana, alicheka mpaka akashika mbavu, akawaambia wenzake kwamba nyumbani kwake kuna jenerali. Alikuwa mtu wa mzaha, na alinipenda, sitaki kumsingizia. Shida yake ilikuwa kudhani kwamba kila anayecheka naye anacheka kweli.

Yeye ndiye aliyeniletea sungura. Alirudi kutoka Kampala akiwa amemficha ndani ya koti, mweupe pee, macho mekundu. Mama mkwe, mwanamke wa Kinubi aliyeshinda barazani akisuka vifuniko vya sinia kwa nyuzi za rangi, alimtazama yule mnyama kisha akanitazama mimi. "Hii ni nyama," alisema. "Sasa wewe nalala na nyama ndani ya nyumba?" Mume wangu alichomoa kamba ya kijani ya buti lake la jeshi, akamfunga sungura shingoni. "Sasa iko na namba ya jeshi," alisema. "Nani atakula?" Hakuna aliyemla, bila shaka. Watoto wa jirani walimpisha njia hata sungura.

Mume wangu alipokuwa kambini kwake, mbali kusini, mimi nilikaa na yule sungura. Nilimpa majani ya viazi vitamu, naye alikula mkononi mwangu, na asipotaka jani alilisukuma kwa pua. Mtaniona mjinga, lakini nilipenda sana kusukumiwa jani. Ndiye kiumbe pekee, mbali na mume wangu, aliyenikatalia kitu.

Kisha sungura akaanza kutokwa na mate. Kidevu chake kilikuwa kimelowa, majani aliyainusa na kuyaacha. Bahati mume wangu alikuwa nyumbani kwa likizo. Alimfungua mdomo, tukaona meno ya mbele yamejikunja kuelekea ndani. Siku hiyo hiyo tulikwenda Arua kwa Landrova, kwa daktari wa mifugo wa serikali.

Daktari alikuwa kijana aliyetoka kusini. Kiswahili kwangu ni lugha ya mama kunifokea na kunibembeleza. Kwake kilikuwa lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, lugha ya fungua buti la gari, toa kitambulisho. Nililiona hilo mume wangu alipofungua tu mdomo kumsalimu. Daktari alisimama wima akaweka mikono pembeni.

"Daktari," mume wangu alisema, "hii sungura ni mtoto yangu ya kwanza. Ikikufa, na wewe tunazika pamoja." Akampiga bega, akaangua kicheko. Dereva akacheka. Daktari naye akacheka, haraka, kisha akaacha ghafla.

Alichukua koleo dogo akakata yale meno. Alikata vizuri, na pale pale mezani sungura alitafuna jani. Nilifurahi nikataka kujua zaidi. Nilimuuliza kwa nini meno yamekuwa hivyo, na kama yatarudi. Daktari hakunitazama. Alimtazama mume wangu.

"Imepona kabisa, afande," alisema.

"Mimi nimeuliza kama itarudi," nikasema.

"Imepona kabisa, mama."

Mume wangu alimshukuru, tukarudi, naye akaniachia gari na dereva, akaenda zake kambini. Haikupita muda mrefu kidevu kikaanza kulowa tena.

Safari hiyo nilikwenda na dereva. Nilijifunga gurbaba, lile vazi la wanawake wa Kinubi ambalo mama mkwe alitaka nilivae nikitoka, na nikashuka kwenye Landrova ile ile. Uani palikuwa na watu na mbuzi wao wakisubiri. Wote waliondoka kwenye foleni, nikajikuta mbele peke yangu. Daktari alimfungua sungura mdomo kidogo tu, akaufunga.

"Iko sawa, mama. Hii ni kukosa nguvu tu." Akanipa unga wa vitamini wa kutia kwenye maji.

"Lakini meno yameota tena. Naona kwa macho yangu."

"Ni kidogo. Iko sawa."

"Basi kata tena."

Alimtazama dereva aliyekuwa ameegemea gari huku akisafisha miwani yake ya jua. Nadhani, lakini nadhani tu, kwamba kukata tena kungekuwa kukubali mbele ya shahidi kwamba mara ya kwanza alisema uongo. "Haina haja, mama," alisema. "Imepona." Nilitaka kumshika kola nimtikise. Nikajua nikimshika kola atafikiri ninamkamata.

Unga wa vitamini haukufanya kitu. Sungura alikonda mpaka nikaweza kuhesabu mbavu zake kwa vidole. Nilimpondea muhogo na kumlisha uji wake kwa kijiko, nusu ukaishia kwenye manyoya. Ndipo nikakata shauri. Nilimwambia mama mkwe kwamba mama yangu ni mgonjwa na ninakwenda kumwona, na kwamba nitapanda basi. Hakupenda. Mke wa askari kupanda basi lilikuwa jambo la aibu kwake. Lakini mama mgonjwa ni mama mgonjwa, akaniacha.

Nyumbani Arua nilimkuta mama mzima wa afya, amekaa juu ya robota la vitenge. Alichungulia ndani ya kikapu changu. "Mutoto wangu," alisema, "hii ni mboga. Umeibeba mpaka huku kwa nini?" Nilimweleza kila kitu. Hakutania tena. Alinivua gurbaba, akanivalisha kitenge chake na kunifunga kilemba chini karibu na nyusi. Nilipojitazama kiooni niliona binti wa muuza samaki. Nilikuwa nimemkumbuka sana huyo msichana.

Nilikwenda kwa miguu na kusimama kwenye foleni. Mbele yangu palikuwa na mwanamke kutoka Manibe, nje ya mji, mwenye mbuzi aliyevimba chuchu. Alinisukuma kwa kiwiko nilipomkaribia mno, akaniambia nitulie, zamu yangu itafika. Nilifurahi kusukumwa. Tulianza kupiga soga, akanicheka kwa kuleta sungura kwa daktari badala ya kumtia chunguni, nami nikamcheka kwa mbuzi wake mwenye chuchu kubwa kuliko za ng'ombe.

Kumbe yule daktari alikuwa msemaji! Alimfokea mwenye mbwa mmoja kwa kumfunga mnyama wake kwa waya. Alimwambia wazi yule mama wa Manibe, "Hii chuchu moja imekufa. Haitatoa maziwa tena. Kamua hii nyingine kila asubuhi na jioni, osha na maji ya moto. Ukiacha, mbuzi nakufa. Umesikia? Sema vile nilisema." Akamfanya ayarudie maneno yote. Mimi nyuma nilikuwa natabasamu peke yangu, maana nilijua sasa ni zamu yangu ya kuambiwa ukweli, hata ukiwa mchungu.

Nilimtoa sungura kwenye kikapu nikamweka mezani. Daktari hakunitazama usoni. Alishika taya kwa ujuzi, akalifungua, akatikisa kichwa.

"Mama, umechelewa. Hii meno inaota siku zote, iko namna hii toka kuzaliwa. Ukikata mara moja haisaidii. Inafaa..."

Kidole chake cha gumba kilikuwa kimegusa kamba.

Nilikuwa nimebadili nguo. Nilikuwa nimeacha gari, dereva, na adabu zote za Koboko. Nilikuwa nimesahau kamba ya buti. Aliitazama, kijani juu ya manyoya meupe, kisha akainua macho hadi kwenye kilemba changu na kuyashusha upesi. Mikono ikarudi pembeni.

"Inafaa nini, daktari?" niliuliza.

"Iko sawa, mama."

"Ulikuwa unasema inafaa. Inafaa nini?"

"Imepona. Samahani, mama. Sikujua ni mama."

"Niambie vile umemwambia huyu wa mbuzi! Ninakuomba. Mume wangu hayupo hapa. Yale yalikuwa mzaha."

Sauti yangu ilikuwa imepanda, na kosa likawa hilo. Uani watu waligeuka kutazama. Yule mwanamke wa Manibe aliyenisukuma kwa kiwiko alimvuta mbuzi wake taratibu, akarudi nyuma hatua baada ya hatua, akinitazama na kuomba radhi kwa lugha yake. Daktari alikuwa amekwisha kunipa pakiti nyingine ya vitamini. Nilitoka pale nikilia barabarani, na watu walionitambua wakajifanya hawanioni.

Sungura alikufa nyumbani kwa mama, mchana, juu ya mapaja yangu, mdomo wazi na jani la kiazi pembeni yake. Miaka mingi baadaye, katika nchi nyingine, ndipo nilipoelezwa kwamba meno ya namna ile hukatwa tena na tena kila baada ya wiki chache, na sungura akaishi miaka yake. Ni jambo la kueleza kwa dakika moja. Hata leo hasira hunishika ninapolifikiria.

Nililia, kisha nikasema nitamwandalia mume wangu maneno na kumwambia ukweli. Mama alikuwa akifunga robota lake. "Utamwambia sungura imekufa," alisema. "Halafu yule mutu wa sindano, na yeye atazikwa?"

"Ulikuwa mzaha, mama."

"Unajua?"

Nilimjua mume wangu usingizini, mezani, akiugua malaria. Nilijua anapenda vitunguu vibichi. Lakini kama ulikuwa mzaha, sikujua.

Ediofe, kwenye misheni karibu na mji, masista walifuga sungura wa kula. Mama alikwenda huko jioni akapata mmoja mweupe, macho mekundu, mdogo kidogo lakini mnene. Nilimfungua yule mfu kamba ya buti nikamfunga huyu. Alinikwaruza mkono kwa makucha.

Mume wangu aliporudi likizo, alimkuta sungura akitafuna barazani. Alimwinua juu kwa mikono miwili. "Tazama hii tumbo! Daktari iko kijana ya maana." Hakukaa hata kula. Alitoa ndani mfuko wa sukari, akasema lazima twende Arua tukamshukuru. Nilimwambia mzee, umechoka, pumzika kwanza. Alinicheka, "Jenerali amekataa!" na akawasha gari mwenyewe, dereva akakaa nyuma.

Daktari alituona tukiingia uani. Hakukimbia, sijui angekimbilia wapi. Mume wangu alimwekea mfuko wa sukari mezani na sungura pembeni yake. "Angalia mgonjwa yako!" alisema.

Daktari alifungua mdomo wa sungura. Ndani mlikuwa na meno mafupi, yaliyonyooka, ambayo koleo lake halijawahi kuyagusa. Aliyatazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole chini ya kamba, pale nilipoipiga fundo jipya kwa sababu shingo hii ilikuwa nene zaidi. Kisha aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alinitazama mimi, si mume wangu, machoni. Sikupepesa. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Imepona kabisa, afande," alisema.

Mume wangu akampiga bega, akacheka, dereva akacheka, daktari akacheka, na mimi nikacheka nao. Daktari alichukua mfuko wa sukari kwa mikono miwili na kunishukuru mimi.

Njiani kurudi Koboko mume wangu aliendesha huku akiimba. Sungura wa masista alikuwa kwenye mapaja yangu akitafuna ile kamba. "Si unaona?" mume wangu aliniuliza. "Hii watu ukisema nao vizuri, nafanya kazi. Ama mimi nasema uongo?"

Alisubiri nimbishie, kama siku zote.

"Hapana uongo, afande," nikasema.

Alinigeukia, akadhani ni mzaha, akacheka mpaka gari likayumba.