Jina Walilomwita Hospitalini

Nilipokuwa mtoto kule Nkololo, kumwamsha mtu kwa kumtikisa lilikuwa kosa la kuchapwa. Bibi alituambia roho ya aliyelala hutoka kutembea, na hurudi ikisikia jina lake. Ukimtikisa kabla hujamwita, anaamka nusu.

Nilikuwa na miaka kumi mdogo wangu Kabula alipotolewa uvimbe kwenye ubongo. Yeye alikuwa na sita. Baada ya upasuaji alipigwa mionzi wiki nyingi, na kwa kuwa hakuweza kutulia chini ya mashine, kila mara walimlaza kwa nusu kaputi. Alirudi na mama akiwa na kovu na hamu ya kula. Ila ukimtuma jembe, analeta ndoo. Sentensi anaianza, anaiacha katikati, kisha anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyekuwa unaongea.

Bibi akamuuliza mama, "Huko walikuwa wanamwamshaje?"

"Manesi wanamwita. 'Veronika, Veronika, fungua macho.'"

"Veronika ni nani?"

"Jina lake la ubatizo, mama. Ndilo liko kwenye kadi."

Bibi akapiga makofi ya mshangao. "Basi mmemwacha hukohuko. Kabula hajaitwa hata mara moja!"

Hakuwalaumu madaktari. Watu waliofungua kichwa cha mtoto na akabaki hai, alisema, ni wa kuheshimiwa. Jina la nyumbani wangelijulia wapi? Kazi iliyobaki akaichukua yeye.

Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kabula, mayu. Kabula." Mayu ni "mama" kwa Kisukuma; ndivyo alivyombembeleza. Hakumgusa. Mtoto akiitika, maswali yanaanza: jana tulikula nini, ng'ombe gani amezaa, shangazi yako anakaa wapi. Jibu moja lilichukua muda wa kuchemsha chai. Mimi nilikuwa na domo, nikajibu kwa niaba yake.

"Wewe umeulizwa?" Bibi alinikata. "Au kuna basi linakungoja?"

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Wenzake Bibi walikuwa wamekwisha kutoka kwenda shambani.

Mwalimu alikuwa amemwambia baba kwamba mtoto asiyeweza kufuata maelekezo afadhali akae nyumbani, na baba alikuwa karibu kukubali. Januari Bibi akampeleka Kabula shuleni mwenyewe, nami nikafuata.

"Chukua chaki, chora duara ubaoni, halafu funga mlango," mwalimu alimwambia.

Kabula akachukua chaki. Akachora. Kisha akasimama tu. Mwalimu akafungua mdomo. Bibi akainua kiganja.

"Mwache, mwalimu. Anakuja."

Tulingoja mpaka miguu yangu ikaanza kuwasha. Kabula akaenda, akafunga mlango.

Mwalimu akasema aanze Jumatatu.

Alimaliza la saba. Leo anashona nguo hapa Bariadi, huandika kila kipimo palepale mteja anapokitaja, na bado ni mzito wa kujibu. Mwaka jana nilimsindikiza kliniki, nikamuuliza daktari kama ni nusu kaputi zile zilizomfanya hivi. Akasema huenda zimechangia, lakini kuna uvimbe wenyewe, kuna upasuaji, kuna mionzi, na yeye hawezi kuvitenganisha. Nilimheshimu kwa kukiri hivyo.

Siamini kwamba roho hutembea. Ninachokumbuka ni mwanamke mzee, pamba yake ikimsubiri, ambaye hakummalizia mtoto jibu hata asubuhi moja. Mimi nina watoto watatu ambao hawajawahi kuugua kichwa. Mkubwa akikwama kwenye mstari wa kitabu, nausoma mwenyewe, tumalize, nikapike.