Sabyrbek na Bonde la Baridi

Shemeji yangu Sabyrbek, kaka wa mume wangu, alikuwa na mdomo. Kijiji kilimchagua alinde Bonde la Baridi, malisho ya akiba ya majira ya theluji, ambayo farasi hawayakanyagi tangu theluji iyeyuke mpaka ianguke tena, na cheo hicho kikampanda kichwani. Akimkuta farasi wa mtu amepenya mle kiangazi, alimrudisha mwenyewe mpaka mlangoni, kisha akapaza sauti hadi nyumba ya tatu: "Mama, huyu mnyama wako hana kwao?"

Aliyeambiwa hivyo mara nyingi ni mjane Burulkan, mwenye farasi jike mmoja tu, tena mkorofi.

Lakini kazi aliijua, sitamnyima hilo. Farasi ana meno juu na chini, akiachiwa anakata jani mpaka kwenye shina. Kwa hiyo kiangazi Sabyrbek aliwapandisha mlimani na kuwahamisha kabla pale walipo hapajawa kipara, na nyuma yao akapeleka kondoo ili wale yale majani ambayo farasi huyasusa karibu na mavi yao. Huku chini bonde lilipumzika. Majani yalifika magotini, maua ya kila rangi, na kware wakitotoa humo bila bughudha. Utaratibu huo aliurithi kwa baba yake.

Baba mkwe akafariki, na mwaka ulipozunguka tukafanya karamu na michezo ya kumkumbuka, kama ilivyo desturi. Kwetu, ukimshibisha mgeni na farasi wake akabaki na njaa, hujakaribisha mtu. Wageni walifurika kuliko tulivyotegemea, na nyasi kavu tulizotenga kwa karamu zikaisha kabla nyama haijaiva. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto akacheka. "Kijana, farasi wangu anatafuna kamba. Ndivyo baba yako alivyokulea?"

Sabyrbek akaiva uso. Nikamwona anaelekea kwenye uzio wa bonde.

"Shemeji, hata huko?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe. Leo siitwi mchoyo mbele ya kaburi la baba."

Akafungua. Farasi wa wageni walikaa mle mpaka michezo ya karamu ikaisha, na ilikuwa vuli, theluji imekaribia, majani yakiliwa wakati huo hayaoti tena. Kila mtu wa kijiji aliona. Hakuna aliyesema neno, maana karamu ya marehemu haitiwi ugomvi. Nadhani yeye mwenyewe alijipa moyo kwamba yamebaki ya kutosha.

Theluji ilipoanguka, tukaleta farasi wetu bondeni kama kila mwaka. Wakaanza kuchimba theluji kwa kwato. Wakachimba, wakanusa, wakasogea, wakachimba tena, na kilichotoka ni udongo mweusi. Sabyrbek alisimama langoni na kofia mkononi, kwenye baridi ile. Alikuwa anangoja atukanwe. Watu wakawageuza farasi wao, wakampita, wakamsalimia kwa adabu. Niliona aibu kwa niaba yake mpaka nikashindwa kumtazama.

Kesho yake alipakia nyasi kavu za zizi lake mwenyewe, akawauza farasi wake ili zitoshe, akazigawa nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa kwa Burulkan alipofika, jasho linamtoka. Farasi jike wa mjane alikuwa na mimba. Burulkan akazipokea nyasi, akammiminia chai.

"Nitukane, mama," Sabyrbek akasema. "Mimi nilikutukana kwa kidogo kuliko hiki."

"Nikutukane ili iweje? Kunywa, inapoa."

"Niliogopa wataniita mchoyo. Siku ya baba, mama. Ningefanyaje?"

Burulkan akamsogezea bakuli la chai. "Nilipoletwa huku bibi arusi, kaka zangu waliwafungia farasi wao mle bondeni. Baba yako akawatoa farasi wote, mmoja mmoja, mbele ya wakwe. Wakamwita mchoyo mpaka wakachoka. Yeye anacheka tu, anawauliza kama wameshiba."

Sabyrbek aliweka bakuli chini. Machozi yalimjaa, na hakujisumbua kuyaficha. Chai hakuimaliza.

Bado ndiye mlinzi, hatukumwondoa. Farasi wa mtu akipenya bondeni, humrudisha kwa mwenyewe, akamfunga mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi.