Kiti cha Mteja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu wa Kidato cha Kwanza, enzi za ujana wangu, yaani likizo iliyopita. Usicheke. Mzee wa Kidato cha Tatu ni mzee, hasa mwenye mgongo kama wangu. Kaa wima kwanza, nikueleze.

Babu yangu ni fundi cherehani hapa Nkuhungu. Tangu mitumba ijae sokoni, shati la kushona halina mtu, tunaishi kwa sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa babu hushona kutwa, nami nipo kwenye cherehani ya pili. Dukani kuna kiti kimoja kizuri cha mninga, chenye egemeo. Hicho kilikuwa cha mteja. Sisi mafundi tulikalia makreti ya soda, mabega yamepanda masikioni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kwetu mgeni alikuja, mwenyeji akapinda.

Siku hiyo babu alijaribu kutunga uzi, vidole vikakataa. Ganzi. Akajaribu tena, wapi. Nilikuwa na utani mdomoni, nikaona macho yake, nikaumeza. Fundi asiyeihisi sindano atakula nini?

Ndipo akaingia dada yake mkubwa, Bibi Zuhura. Tukamwamkia, tukamkaribisha kitini. Akaegemea, akafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua akamtazama mdogo wake.

"Hiki kiti hukaliwa na nani?"

"Wateja, dada."

"Yuko wapi mteja?"

Babu akatupa jicho mlangoni.

"Kwa hiyo kiti kinapumzika, wewe umejikunja kama kuku anayeatamia? Inuka!"

"Sasa dada, mteja asimame? Watu watasemaje?"

"Mteja anapimwa, anaondoka. Mgongo unabaki nao wewe."

Akahamia kwenye kreti mwenyewe, akiguna. Babu alipokaa kitini mabega yalishuka yenyewe, viwiko vikalingana na meza. Akashusha pumzi kama aliyetua gunia la mtama.

"Na wewe mtani," bibi akanigeukia, "kila ukimaliza sketi simama, nenda mlangoni, jinyooshe. Halafu jitafutie kiti."

Nilikipata kibovu, nikakipigilia ubao. Sasa mteja ndiye anayekalia kreti, na analalamika. Ndiyo aone.

Lakini tulichelewa, mwanangu. Vidole vya babu vimerudi nusu nusu. Kila asubuhi kabla ya shule namtungia uzi sindano za mkono, nazichomeka kwenye kitambaa, azikute tayari. Hanishukuru. Anatazama pembeni.

Basi sikia. Samaki mkunje angali mbichi, sawa, lakini wewe si samaki. Kiti chako kilingane na meza yako. Inuka kabla mwili haujakuomba. Ganzi ikibisha hodi, usiiambie ingoje sare ziishe. Na mgeni mpe heshima zote, ila mgongo wako usimpe.

Mungu akuzeeshe taratibu, ukiwa umenyooka, na siku utakapolitafuta tundu la sindano, vidole vyako viitike.