Nenda Uniletee Kijiko

Mkwe wangu alifika kwangu Merigi mchana mmoja akiwa na gambuti mguu wa kulia na akala ya tairi mguu wa kushoto. Hiyo ni miaka ya tisini, mvua imeanza, barabara yote ni matope. Alikuwa ametoka Kiptere hivyo hivyo, gari mbili, watu wakimwangalia. Mkwe hafiki kwa mama mkwe ovyo ovyo. Nikajua kuna kifo.

Alikataa kuingia ndani. Akakaa mlangoni, macho chini.

"Mama, nimekuja kwa heshima. Binti yako anaficha kiatu changu."

Nikacheka. "Mwanaume mzima na ndevu zako, unashindwa na kiatu?"

"Kila asubuhi nikitaka kupeleka maziwa, kimoja hakipo. Hata vya kanisa. Kwanza nilidhani ni mbwa, nikampiga mbwa bure. Jana nilikipata ndani ya debe la unga. Leo nimetafuta mpaka maziwa yakaharibika. Nikimuuliza, anasema nitaenda nisirudi. Mama, mimi naenda sokoni tu. Nimechoka. Ikiendelea hivi, nitamrudisha kwako."

Kicheko kiliniishia mdomoni. Mchezo huo niliujua.

Binti huyo akiwa na miaka miwili, mitatu, mimi nilikuwa nachuma majani chai, kikapu mgongoni kabla umande haujakauka. Kila siku gambuti yangu moja inapotea. Naipata kwa kiota cha kuku, naipata chini ya magunia. Nilimchapa, hakuacha. Basi nikatafuta ujanja. Namwambia kwa sauti tamu, "Nenda uniletee kijiko jikoni." Akigeuka tu, mimi niko nyuma ya ua, nakimbia. Na nilijisifu. Wanawake wenzangu shambani niliwaambia mtoto haagwi, ukimuaga unamfundisha kulia. Hata nilipoenda kulazwa hospitali ya Longisa wiki tatu, nilitoka kwa kijiko. Niliporudi hakunikimbilia. Aliangalia miguu yangu, akachuchumaa, akaanza kunivua kiatu. Nikaita majirani waone mtoto wangu alivyo na adabu. Mjinga mimi.

Kesho yake nilibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nikaenda Kiptere. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alinipokea njiani, "Kogo, kogo," ndivyo tunavyomwita bibi, akanipanda mgongoni kabla sijapumua. Huyo mtoto nasema bila aibu, hakuna mfano wake. Anajua kuku wote kwa tabia.

Mama yake alinipa chai. Sikungoja ipoe.

"Kiatu cha mume wako kiko wapi?"

"Amekuja kushtaki?"

"Amekuja kama kinyago. Anasema atakurudisha. Unataka kurudishwa kwa sababu ya gambuti?"

Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mama, mimi najua atarudi. Lakini akishika tu mlango, moyo unaruka, mkono unaenda wenyewe." Halafu akasema, bila hasira hata kidogo, "Nilikuwa narudi na kijiko, wewe haupo. Nakaa nacho mpaka jua linafika katikati."

Nilishtuka kama nimemwagiwa maji ya moto. Miaka yote nilidhani mtoto wa umri ule ni kama ndama, anasahau. Na hata ndama nimewaona wakilia langoni siku tatu.

Nikasimama, nikasema jua linaniacha. Hapo binti yangu akamgeukia mjukuu wangu, kwa sauti tamu, ile ile:

"Nenda umletee kogo kijiko jikoni."

Mtoto akakimbia. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, toka sasa, haraka, kabla hajarudi."

Yalikuwa maneno yangu, na sauti yangu. Na yeye mwenyewe hakusikia alichosema.

Nilikaa chini tena. Mtoto akarudi na kijiko. Nikakipokea, nikamshika mikono yote miwili. "Kogo anaenda nyumbani. Jumapili baada ya kanisa narudi."

Alilia mpaka kamasi ikafika kidevuni, akanishika gauni. Sikukimbia. Nikamgeukia mama yake. "Na wewe pia nakuaga. Jumapili narudi." Mwanamke mzima, mama wa mtu, akaziba uso kwa kitambaa cha kichwa. Halafu akaingia nyuma ya kuni akatoka na gambuti, akaiweka mlangoni mahali mume wake angeiona.

Jumapili mvua ilinyesha vibaya. Mchungaji alikuwa bado anaomba nikatoka. Nilifika nimelowa mpaka mifupani, na mkwe wangu ndiye alinifungulia, amevaa gambuti zote mbili.

Hakumrudisha. Asubuhi anamuaga akimwangalia usoni, anamwambia saa ya kurudi. Mara moja moja kiatu bado kinapotea. Anakaa kwenye kigoda, anangoja, kinaletwa.