Njiwa wa Matano wa Marui

Operesheni ya kuhamia vijijini ilipofika Marui mwaka 1974, Matano alipakia milango miwili, mkewe Mwanakheri aliyevimba miguu, na tenga lenye njiwa kumi na tisa. Nyumba iliyobaki nyuma ikabomolewa mchana uleule.

Walipofika kijiji kipya, kando ya barabara, njiwa ndio waliomtia hofu. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba njiwa wakihama nyumba yenye mgonjwa, mgonjwa hasalimiki. Alimfundisha pia kwamba njiwa wa kuhamishwa hafunguliwi mpaka aangue makinda mahali papya. Siku hizi nani anajua hayo? Watu wanachojua ni mchuzi wake tu.

Siku ya tatu Mwanakheri akasema, "Baba Twalibu, wafungulie. Nataka kusikia mbawa."

"Hawajataga hata yai."

"Nyumba umeninyima. Na mbawa pia?"

Matano akafungua. Njiwa walizunguka mara moja juu ya mapaa, wakashika njia ya Marui.

Hemedi, balozi wa nyumba kumi, alikuwa akipita. "Shikamoo mzee! Hata njiwa wako wanapinga kijiji? Nitawaandika majina!"

"Marahaba. Waandike, kisha uwafuate."

Asubuhi yake Matano akabeba tenga, akatembea saa mbili. Aliwakuta hewani juu ya kifusi, pale pale palipokuwa na upenu, wakipigapiga mbawa kutafuta pa kutua. Mara wakashuka wote uani. Wakafanya duara, wakaacha katikati nafasi ya kumtosha mtu mmoja, wakaanza kudonoa. Mwanakheri alizoea kusimama hapo kila asubuhi na ungo wa mtama.

Matano akasogea. Chini hapakuwa na punje hata moja. Lakini vifua vya njiwa vilikuwa vikituna kwa shibe.

Akawahesabu: kumi na wanane. Mwenye kishungi hakuwapo. Akaliacha tenga, akarudi mbio, akijua atakuta kilio.

Alimkuta Mwanakheri ameketi kitandani, jambo ambalo hakuliweza kwa mwezi mzima, akikung'uta viganja kama mtu anayeondoa pumba.

"Wameshiba," akasema. "Ila yule mwenye kishungi sijamwona."

Matano alitaka kumuuliza amejuaje. Badala yake akaenda kuufunga mlango.

Tangu hapo hakuwafuata tena njiwa. Kila alfajiri Mwanakheri alifumba macho, mkono ukichezacheza chini ya kanga, na mumewe alikaa mlangoni asipite mtu. Miguu ikanywea. Akapika, akacheka, hata akamtania Hemedi. Masika mbili zikapita hivyo.

Asubuhi moja Matano alikuwa uani akitia mpini jembe lake, Mwanakheri akiwa bado chumbani. Akasikia mbawa. Njiwa walitua juu ya paa la nyumba ile mpya, mmoja mmoja, wakajipanga. Kumi na tisa. Mwenye kishungi alikuwa mbele. Hakuna aliyelia.

Hemedi akasimama njiani, akacheka. "Hongera, mzee! Mwishowe wamekikubali kijiji!"

Matano hakugeuka kutazama chumbani. Aligonga mpini mara ya mwisho, akaujaribu kama umekaza.

"Hemedi," akasema taratibu, "makaburi ya kijiji chenu mmeyaweka upande gani?"