Tope la Mugeta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka yote, kuanzia harufu ya gundi ya kuzibia pancha mpaka rangi ya maji ya kunawia. Nakusimulia wewe mwenye cheti kipya ndani ya bahasha, kwa sababu najua unanisikiliza huku unawaza mambo kumi mengine. Nami nilikuwa hivyo. Mvi bado hazijanitoka, ila ninalo jambo lenye uzito wa kizee, na nimechoka kukaa nalo.

Nilikuwa nimemaliza chuo, naishi Musoma kwa kaka yangu Bwire, nasubiri kazi. Bwire alikuwa akibeba samaki kwa baiskeli kutoka mwaloni, inapotua mitumbwi ya wavuvi, kwenda sokoni, na hakuna kilima cha mji huu kilichomfanya ashuke na tenga lake la sato. Masika ya mwaka huo yakatangazwa mashindano ya baiskeli: kuanzia Bunda, kukata katikati ya mashamba ya Mugeta, kumalizia Butiama. Watatu wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Umri wa Bwire ulikuwa unamtupa mkono. Mwaka unaofuata wasingemtazama tena. Akaniambia atafanya mazoezi kila jioni akitoka kazini, na mimi msomi nimtafutie tairi za matope.

Waendesha baiskeli wa huku wote walikuwa wakichaguliwa tairi na Mzee Magesa wa Manyamanyama, pale Bunda. Benchi lake lilikuwa barazani kwa mashine ya kusaga. Hakukupa tairi mpaka umletee tope la njia unayokwenda kupita. Alilibinya, akakunja ngumi, kisha akafungua kiganja na kukigeuza chini. Tope likianguka lenyewe, alikupa tairi pana yenye meno yaliyosongamana. Likinata kiganjani, alikupa nyembamba, yenye meno machache yaliyoachana, ili gurudumu likizunguka liliteme. Hakuwa na ng'ombe wengi wala nyumba ya kuonyesha wageni. Alikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa kwenye viganja vile viwili.

Nilimwendea na karatasi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu siku nzima, nikachora jedwali: upana wa tairi, urefu wa meno, kiasi cha upepo. Aliisoma yote bila haraka, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mjukuu wangu, umeandika vizuri," akasema. "Sasa tope liko wapi?"

Wateja wake wakacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba bonde la Mugeta analijua tangu ujana, ni udongo mweusi wa mbuga, lakini amesikia barabara inatengenezwa na moramu, ule udongo wa changarawe, inamwagwa, na hajui imefika wapi. Goti lake lilikuwa halimfikishi huko tena. Nikachote kule kule bondeni, kwenye kivuko, nimletee.

Nilikuwa na siku sita. Mwanangu, siku tano nilizimaliza kwa kuwaza. Mara niwaze kama nichote katikati ya njia au pembeni. Niwaze kama nisubiri mvua inyeshe kwanza. Niwaze chombo cha kubebea, kama kopo la bati litabadilisha unyevu. Bwire akirudi jioni ananiuliza, "Vipi, tayari?" namjibu kwamba jambo hili linahitaji umakini. Siku ya sita nikafika Bunda mvua ikiwa imenyesha, nimevaa viatu nilivyotunza kwa ajili ya usaili. Mwenye bodaboda akaniambia Mugeta tutakwenda, ila bondeni utashuka usukume. Nikatazama viatu. Halafu akili yangu, ile iliyokuwa imeshindwa kuamua kwa siku tano, ikaamua kwa dakika moja: moramu lazima imeshafika bondeni, na moramu ni moramu. Nyuma ya nyumba za Manyamanyama kulikuwa na dimbwi la moramu. Nikachota kwa kifuniko cha kopo. Sikulowesha hata kidole.

Mzee Magesa akalibinya, akageuza kiganja. Likaanguka lote.

"Hili ni la Mugeta, kwenye kivuko?"

"Ndiyo, babu."

"Uliinama mwenyewe?"

"Niliinama."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa kwamba kijiji chake kimebadilishwa jina. Akatoa tairi mbili pana, zenye meno mengi ya karibu karibu, akazifunga kwa mikono yake na kumtakia Bwire heri.

Siku ya mashindano nilisimama bondeni na watu wengine. Moramu ilikuwa imeishia mbali kabla ya hapo. Bwire alikuja akiwa wa pili. Wa pili, mwanangu. Akaingia kwenye ule udongo mweusi, na sikuhesabu hata hatua ishirini, tope likajaa kati ya meno, likajaa kati ya tairi na fremu, magurudumu yakagoma kuzunguka. Alishuka, akachokoa kwa kijiti, akapanda, yakagoma tena. Mwisho aliibeba baiskeli begani. Walimpita wote, hata mzee mmoja wa Mugeta aliyeingia mashindano kwa utani, na baiskeli yake ya kubebea maziwa. Alifika Butiama maturubai yakiwa yanashushwa.

Hakulia. Alisema tu, "Yule mzee kanimaliza." Mimi nilikuwa nimeshika chupa yake ya maji. Nikampa.

Neno likaenea, na si Bwire peke yake aliyelieneza. Kesho yake tuliipeleka baiskeli Manyamanyama, na vijana wengine wakatufuata kusikia mzee atajibu nini. Yeye akaiinamia baiskeli. Alibandua bonge lililokaukia kwenye fremu, akalinyunyizia maji, akalibinya, akageuza kiganja. Lilinata, jeusi, kama limepigiliwa. Kisha akanitazama mimi, si Bwire.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, "hili ndilo uliloniletea?"

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa. Nilijua kabisa ni jina la nani linauzwa pale na kwa bei gani, na bado nikaanza kupanga maneno: nianze na mvua, au nianze na bodaboda, au nimwambie pembeni baadaye. Kijana mmoja akaguna. Nikasema, "Ndiyo, babu, ndilo hilo."

"Basi mikono yangu imeshachoka," akasema. "Naombeni maji."

Akanawa. Maji yalikuwa meusi kwenye beseni la bluu.

Nilidhamiria kwenda kumwambia ukweli Jumamosi. Niliandika barua, nikaifuta, nikaandika nyingine. Nikapata kazi ya ofisini hapa Musoma, nikajiambia nitakwenda nikiwa mtu wa maana kidogo. Nilipokwenda, masika mengine yalikuwa yamepita. Pale barazani palikuwa na kijana wa kuchajisha simu. Akanielekeza nyumbani kwa binti wa mzee, mama Neema, naye akanikaribisha kiti na kuniambia baba yake wamemzika kabla ya mavuno.

Akaniambia wateja waliacha kuja, na baba hakulalamika. Ila kila siku alikuwa akiwatuma wajukuu wamletee udongo, huyu wa mtoni, huyu wa kisimani, huyu wa shamba la pamba, wamfiche ulikotoka. Anafumba macho, anabinya, anawaambia ni wa wapi.

"Hakukoseaga hata siku moja," mama Neema akasema. "Akimaliza anatuuliza, sasa lile lilikuwa la wapi?"

Nikamwambia lilikuwa la wapi. Nilimwambia yote, hata habari ya viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka kumwagia kuku mtama, akarudi.

"Ungemwambia yeye," akasema.

Bwire nilimwambia wiki ile ile. Alikuwa anafunga tenga. Aliendelea kufunga. Mpaka leo hajaniambia neno juu ya hilo, na mpaka leo anabeba samaki.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaipamba. Ukitumwa tope, nenda ulikosema unakwenda, viatu vichafuke. Usiite woga wako umakini. Na ukikosea, kosa likaangukia mikono ya mtu mwingine, sema siku ile ile, sema vibaya, sema bila mpangilio, lakini lisikike kwa yule aliyelibeba. Maneno mazuri niliyokuwa nayatafuta nilikuja kuyapata. Nilikuwa nayo mfukoni pale kwa mama Neema, kwenye karatasi safi, na hapakuwa na wa kumsomea.

Mungu akupe miguu ya kufika bondeni. Akupe ulimi mwepesi siku utakapoulizwa mbele ya watu. Na yule uliyemkosea, amweke hai mpaka ufike.